Saa ya Mswisi, saa ya Mjapani na gunia letu la mchele

KILA ninapofika Rusumo na mzigo, nakuta ubishi uleule. Malori yamepanga foleni, mawakala wa forodha wanahangaika na makaratasi, na sisi ambao kwa wakati huo hatuna la kufanya tumekaa kwa mama lishe, mikono juu ya meza, tukikaguana saa. Swali ni moja: ipi saa, ya Mswisi au ya Mjapani?

Yupo dereva mmoja wa Dodoma ambaye Seiko 5 yake aliirithi kwa baba yake. Kioo kimekwaruzika hadi tarehe inasomeka kwa shida, lakini ukiitikisa kidogo mshale wa sekunde unaanza kutembea. Yupo mfanyabiashara wa Kigali mwenye Tissot aliyoinunua kwa risiti, na risiti yenyewe huitembeza kwenye pochi kama kitambulisho. Yupo kijana wa Kenya anayekuja na maparachichi, mkononi ana Casio ya plastiki, naye huwacheka wote wawili. "Wazee wangu," huwaambia, "yangu haijawahi kuguswa na fundi."

Tuna sababu ya kuzijali saa pale mpakani. Ukivuka daraja la Kagera kuingia Rwanda, saa tano ya Tanzania inakuwa saa nne. Wenzetu wa Tunduma wanaovuka kwenda Nakonde wanayajua hayo, na wa Kabanga wanaoingia Burundi pia. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni ya Rolex ilitoa saa yenye mshale wa ziada wa kuonyesha saa za nchi nyingine, ikiwalenga marubani wa shirika la ndege la Pan Am. Bei ya saa za aina hiyo leo ni ya kuogopesha. Mwaka 2022 Seiko nao wakatoa Seiko 5 yenye mshale kama huo kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuidunduliza. Nadhani mchuuzi wa Rusumo anauhitaji mshale huo kuliko rubani.

Msomaji anaweza kusema haya ni mambo ya watu wenye nafasi. Mimi nauza mchele na maharage, sina nafasi kubwa. Lakini nimekaa kwenye ubishi huu miaka mingi, na naamini ndani yake kuna jambo linalotuhusu sisi wa mpakani kuliko tunavyofikiri. Jambo lenyewe ni jina la mahali bidhaa ilikotoka: nani analijenga, nani analilinda, na nani analiharibu.

Kwanza tuelewane kuhusu usahihi wa saa, kwa sababu hapo ndipo wengi hudanganyika. Ile Casio F-91W, iliyoingia sokoni mwaka 1989 na hadi leo inauzwa kwa bei ya chini kabisa, kwa maelezo ya waliyoitengeneza hukosea si zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Saa ya mashine ya Uswisi yenye cheti cha COSC, iliyopimwa kwa siku 15 katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto, inaruhusiwa kuwahi hadi sekunde sita kwa siku au kuchelewa sekunde nne. Piga hesabu: sekunde sita mara siku thelathini ni dakika tatu. Seiko 5 yenye mashine ya 7S26 inaruhusiwa kuwahi hadi sekunde 40 kwa siku. Kwa hiyo anayenunua saa ya mamilioni hanunui wakati sahihi. Wakati sahihi kijana wa maparachichi anao tayari. Kinachonunuliwa ni kazi ya mikono ya watu na jina la mahali walipo.

Jina hilo halikushuka kutoka mbinguni. Waswisi, ambao leo wanalilinda kwa sheria, zamani walilaumiwa kwa yale tunayowalaumu wauza feki. Katika karne ya 18 na ya 19 zilitoka kwao saa zenye majina ya mafundi wa Uingereza, na baadaye zenye majina yaliyofanana na ya viwanda vya Marekani, ili ziuzike kwa majina ya wenzao. Kilichowaamsha ni soko. Mwaka 1876, kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, wajumbe wao waliona jinsi Wamarekani wanavyotengeneza saa kwa mashine, nyingi kwa wingi na zote zikilingana. Mmoja wao, Jacques David wa Longines, alirudi nyumbani na ripoti kali: tusipobadilika, tumekwisha. Miaka kumi baadaye, 1886, Geneva ikaanzisha muhuri wake kwa sheria, ili saa iliyotengenezwa hapo kwa ubora unaotakiwa itambulike.

Wajapani nao wana historia yao, na hii inamgusa mfanyabiashara moja kwa moja. Kintaro Hattori alifungua duka lake Tokyo mwaka 1881. Alianza kama wengi wetu tunavyoanza: kuuza na kutengeneza saa zilizotengenezwa na watu wengine. Alisifika kwa jambo moja dogo, kwamba alilipa madeni yake siku iliyopangwa. Kwa uaminifu huo wafanyabiashara wa kigeni wakamwachia mali nyingi na nzuri kuliko washindani wake. Mwaka 1892 akaanzisha kiwanda cha saa za ukutani, Seikosha, na mwaka 1913 kikatoa saa ya kwanza ya mkono kutengenezwa Japani, iliyoitwa Laurel. Mtaji wake wa kwanza ulikuwa neno lake kwa watu waliomkopesha.

Hata hivyo, kwa muda mrefu maneno "Made in Japan" yalikuwa kicheko. Katika miaka ya baada ya vita kuu ya pili, kitu cha Japani kilimaanisha kitu rahisi cha kuvunjika. Hawakujibu kwa kuandika "Uswisi" kwenye saa zao. Walizipeleka saa zao Uswisi kwenyewe, kwenye mashindano ya usahihi ya Neuchâtel, kuanzia mwaka 1964. Mara ya kwanza waliambulia nafasi za mbali. Wakarudi, wakarudi tena. Mwaka 1968, kwenye mashindano ya Geneva, saa za mashine za Seiko ziliwaacha wenyeji nyuma, na zilizowatangulia zilikuwa saa za majaribio zinazotumia betri.

Kisha ikaja Krismasi ya mwaka 1969. Tarehe 25 Desemba, Seiko waliweka sokoni Tokyo saa iitwayo Astron, ya kwanza ya mkono kuuzwa ikiwa na kipande cha madini ya kwatsi kinachotetemeshwa kwa umeme wa betri. Iliuzwa yeni 450,000, karibu bei ya gari dogo la wakati huo, na ilikosea sekunde tano tu kwa mwezi. Baadaye bei ya saa za aina hiyo ikaporomoka, na kilichofuata Uswisi kilikuwa msiba. Mwaka 1970 sekta ya saa nchini humo iliajiri watu wapatao 90,000. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki zaidi kidogo ya 30,000. Viwanda vilifungwa, mafundi wakaambiwa wauze mitambo yao kama chuma chakavu. Kwenye kiwanda cha Zenith, fundi Charles Vermot alikaidi amri. Alibeba zana na michoro ya mashine waliyoijenga kwa miaka mingi, akavificha darini nyuma ya ukuta. Miaka baadaye, saa za mashine zilipoanza kutakiwa tena, kiwanda kilifufua kazi kwa vitu vile alivyovificha.

Uchungu wa kisa hiki ni kwamba Waswisi walikuwa na utaalamu huo wenyewe. Maabara yao ya Neuchâtel ilikuwa na saa ya mkono ya kwatsi ya majaribio tangu mwaka 1967. Walichokosa ni kuamini kwamba mteja angeitaka.

Walijiokoa kwa njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa kukubali kutengeneza kitu cha bei nafuu bila aibu. Tarehe 1 Machi 1983, mjini Zürich, walizindua Swatch, saa ya plastiki yenye vipande 51 tu, iliyouzwa kwa chini ya faranga 50. Ya pili ilikuwa kulifungia jina lao kwenye sheria. Kanuni ya "Swiss Made" ya mwaka 1971 imekazwa tena, na tangu mwaka 2017 saa haiwezi kuandikwa maneno hayo kama mashine yake si ya Uswisi, kama haikufungwa na kukaguliwa mara ya mwisho Uswisi, na kama asilimia 60 ya gharama ya kuitengeneza haikutumika huko. Mwaka 2023 nchi hiyo iliuza nje saa takriban milioni 17, nazo zikaingiza zaidi ya faranga bilioni 25. Dunia inatengeneza saa nyingi kuliko hizo mara nyingi sana. Lakini fedha zinafuata jina.

Nitawaachia wasomaji wangu mambo machache ya sokoni, maana najua wapo wanaonunua saa Kariakoo au Dubai kwenda kuziuza Bujumbura na Goma. Ukiona chini ya namba sita pameandikwa "Swiss Movt", si sawa na "Swiss Made": maana yake mashine peke yake ndiyo ya Uswisi. Vivyo hivyo "Japan Movt": mashine imetoka Japani, mara nyingi ya Miyota ambayo ni ya Citizen, lakini saa yenyewe huenda imefungwa kwingine kabisa. Si wizi, mradi bei iwe ya kitu kilichoandikwa. Seiko za zamani tazama mgongoni. Namba ya mfululizo huwa na tarakimu sita: ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi, na Oktoba ni 0, Novemba N, Desemba D. Kama muuzaji anakwambia saa ni ya mwaka 1975 na namba inaanza na 8, muulize vizuri. Na ukiona Seiko 5 ya zamani yenye uso unaong'aa rangi za machungwa na samawati kama kitenge kipya, ujue uso umepakwa upya. Wakusanyaji makini huzikwepa, hata kama moyo wa saa ni mzima.

Mimi mwenyewe niliyajua yote haya, na bado nikaliwa. Miaka minne iliyopita, mzigo ulipouzika vizuri, nilinunua saa ya "Uswisi" kwa mtu niliyekutana naye kwenye mji mmoja wa mpakani. Ilikuwa nzito, kioo kigumu, maandishi yamekaa vizuri. Nikatoa fedha ambazo kwa haki zilikuwa za kununulia maharage. Miezi mitatu baadaye ilisimama. Fundi saa akaifungua kifuniko, akaweka lenzi yake jichoni, akanyamaza kidogo. "Mzee," akasema, "humu ndani hakuna cha Uswisi hata kamani."

Nilipiga kelele mbele ya kibanda chake mpaka watu wakasimama. Nilisema wauzaji wa feki wanyang'anywe leseni, wafungwe, wanatuharibia biashara. Kati ya waliosimama alikuwamo mama mmoja wa Kigali ambaye alikuwa mteja wangu wa mchele kwa miaka sita, kisha akaniacha bila kunieleza sababu. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Akasema kwa upole, "Pole, mzee. Na ule mchele wangu ulioandikwa Kyela ulitoka wapi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu alijua na nilijua. Mchele ule ulitoka Kahama. Ulikuwa mchele mzuri tu. Lakini magunia yaliyoandikwa Kyela yalikuwa yanauzwa nje nje, na mchele wenye harufu ya Kyela ulikuwa na bei ya juu kwa kilo. Nikanunua magunia, nikajaza wa Kahama, nikachanganya na kidogo wa Kyela ili harufu isikosekane kabisa. Magunia arobaini. Kila mtu alikuwa anafanya, ndivyo nilivyojiambia. Mama yule aliupika kwenye mgahawa wake, wateja wake wakalalamika, naye akahamia kwa muuzaji mwingine. Si ajabu huyo mwingine sasa anamletea mchele uliotoka nje ya bara hili, kwenye gunia lisilodanganya.

Ndiyo maana nasema ubishi wa saa unatuhusu. Jumuiya yetu imefanya kazi kubwa kuhusu asili ya bidhaa. Mchuuzi mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani anapata cheti rahisi cha asili pale pale mpakani, na bidhaa yake iliyo kwenye orodha inapita bila ushuru wa forodha. Ni msaada mkubwa, hasa kwa akina mama wanaovuka na vikapu. Lakini cheti kile kinataja nchi. Kinasema Tanzania, hakisemi Kyela. Kinasema Uganda, hakisemi kahawa imelimwa mlima gani. Kinamtosha ofisa wa forodha. Mpishi wa Kigali hakimsaidii.

Nawasikia wenzangu wakisema, mzee, hayo ni ya matajiri. Sisi wateja wetu wanataka bei ya chini. Ni kweli, na hapo ndipo Mjapani anapotufundisha. Seiko 5 ilipoanza mwaka 1963 ilikuwa saa ya mtu wa kawaida. Ilijitia yenyewe ufunguo, ilionyesha siku na tarehe kwenye dirisha moja, ilistahimili maji, na haikujifanya ya Uswisi. Casio ya plastiki haijifanyi dhahabu. Bei nafuu haijawahi kumletea Mjapani aibu, kwa sababu juu ya kile kitu cha bei nafuu aliandika jina lake mwenyewe. Swatch iliwaokoa Waswisi kwa sababu hiyohiyo. Mchele wa Kahama ukiuzwa kwa jina la Kahama na kwa bei ya Kahama, mwaka hadi mwaka, siku moja mtu wa Kampala atauulizia kwa jina. Ukiuzwa kwa jina la Kyela, tunaua majina mawili kwa gunia moja.

Wengine watasema kazi hiyo ni ya serikali. Sehemu yake, ndiyo. Naomba wakubwa wa Arusha na wizara zetu za biashara waweke utaratibu mmoja wa kulinda majina ya mahali kwa nchi zote wanachama, wenye adhabu inayouma na upimaji unaoeleweka, ili mchele wa Kyela, kahawa ya Bugisu na asali ya Tabora zilindwe Kigali kama zinavyostahili kulindwa nyumbani. Sheria ya upande mmoja wa daraja haitoshi. Anayetaka kudanganya atavuka.

Lakini sheria ya Uswisi isingekuwa na nguvu kama wenye viwanda wenyewe wasingekuwa na la kupoteza. Sisi ndio wenye la kupoteza hapa. Wauza magunia yenye majina ya bandia hawauzi kwa serikali, wanauza kwetu. Vyama vyetu vya wafanyabiashara wa mpakani vinaweza kuanza kesho bila bunge lolote: mwanachama atakayekamatwa amejaza gunia kisichoandikwa juu yake atolewe kwenye chama, na jina lake libandikwe pale mama lishe, tunapokaa kubishana.

Mimi nimeanza. Magunia yangu sasa yana maandishi manne yaliyopigwa kwa rangi nyeusi na bati lililotobolewa: mahali, msimu, jina la kijiji, na namba yangu ya simu. Napoteza kiasi kwa kila kilo ukilinganisha na wanaochanganya, na mwaka wa kwanza niliumia. Mama wa Kigali hajarudi kwangu moja kwa moja. Msimu uliopita alinunua magunia mawili tu, akasema anataka kwanza kuona. Nikamwambia ana haki. Seiko nao walirudi Neuchâtel mwaka baada ya mwaka kabla mtu hajawatazama vizuri.

Saa yangu ya bandia ninayo bado. Huiweka juu ya meza ninapojaza magunia.

Mwandishi wa makala haya ni mfanyabiashara wa nafaka katika mpaka wa Rusumo.